Vitanda Vilivyoamua Nani Asome

Mpwa wangu alikuja kwangu Jumamosi moja akiwa na simu na karatasi yake ya matokeo ya kidato cha nne. Pointi 68, yaani B+. "Anko," akaniambia, "nihesabie. Nafasi yangu ya udaktari ni ngapi?"

Kila familia ina yule mtu wa kupelekewa karatasi kama hizi, na kwetu ni mimi. Nikatoa kikokotoo. Unachukua pointi za masomo manne ya klasta, unagawanya kwa 48. Yeye alikuwa na 39. Unachukua jumla ya masomo saba, unagawanya kwa 84. Unazidisha hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili, halafu unazidisha kwa 48. Ikatoka 38.9. Udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi unataka zaidi ya 40, na si kidogo.

Akaiangalia hiyo namba kama mtu anayesoma jibu la hospitali. Hapo nikakumbuka kwamba hesabu hii si ya zamani hivyo. Babu zetu pia walipimwa, lakini kwa mizani nyingine.

Miaka ya 1950, mwanafunzi Mwafrika wa Kenya aliyetaka digrii alikuwa na njia moja nyembamba. Kwanza apite KAPE baada ya miaka minane ya shule. Apate nafasi katika shule chache kama Alliance, Maseno au Mang'u. Afanye mtihani wa Cambridge, apite vizuri sana, halafu ndio aitwe Makerere kule Kampala, iliyokuwa chuo tanzu cha Chuo Kikuu cha London tangu 1949. Royal Technical College ya Nairobi ilifungua milango 1956, lakini nafasi zilibaki za kuhesabika kwa Afrika Mashariki nzima. Kwa hivyo ungeweza kupita mtihani na bado ukose. Mtihani ulikuwa chujio, na saizi ya matundu ilichaguliwa na serikali ya kikoloni.

Tom Mboya aliielewa hali hii vizuri kwa sababu ilimgusa. Yeye mwenyewe alitoka Mang'u kabla ya kumaliza kwa kukosa karo, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya. Baadaye alipata mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, na hakuwahi kuwa na digrii. Lakini mwishoni mwa miaka hiyo alikwenda Marekani kuomba vyuo viwape vijana wetu nafasi, na kuomba watu binafsi wachangie nauli. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walisaidia kuchangisha. Septemba 1959, ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Hoja yake ilikuwa kwamba vyuo vya Marekani ni vya kiwango cha chini, na wanaokwenda huko ni wale walioshindwa kuingia Makerere. Unaona mchezo? Kwanza unaweka nafasi chache, halafu aliyekosa unamwita dhaifu.

Mboya na wenzake, akiwemo Gikonyo Kiano, walipima kwa njia nyingine. Je, kuna chuo kilichokukubali? Kuna ufadhili? Na huku nyumbani, je, watu wako wanaweza kuchanga? Vijiji vilifanya karamu za chai na michango ili mtoto mmoja apate pesa ya matumizi. Mwaka wa 1960, wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilipokataa kulipia ndege, wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kati ya waliosafiri Septemba hiyo alikuwa msichana aliyetoka Loreto Limuru, akaenda chuo kidogo cha watawa kule Atchison, Kansas. Ni Wangari Maathai. Mwaka wa 1971 alipata uzamifu Nairobi, na 2004 akapata Nobeli.

Barack Obama mzee naye hakuwa kwenye ile ndege ya 1959. Alikuwa ametoka Maseno bila kumaliza. Alisoma kwa posta, akaandikia vyuo barua kwa msaada wa Wamarekani waliomwamini, akaishia Hawaii mwaka huo huo, na baadaye Harvard. Ukimpima kwa karatasi ya Maseno pekee, usingempa hata nauli ya basi.

Baada ya uhuru tulijenga vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake 1970. Lakini watoto waliongezeka kuliko viti, na mwaka wa 1990 mambo yakabanana kabisa. Wale wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa 8-4-4 wote walikuwa wamefanya mitihani yao 1989, na wote walihitaji chuo.

Hapo ndipo kitanda kikawa mizani. Bodi ya pamoja ya vyuo vya umma, JAB, ilichagua wanafunzi kulingana na vitanda vya hosteli. C+ ilikuwa inakustahilisha kwenye karatasi, lakini maelfu wenye C+, hata B, waliachwa nje kila mwaka. Wasichana walipunguziwa pointi moja, na bado wengi walikosa. Waliochukuliwa nao walikaa nyumbani, wengine karibu miaka miwili, wakingoja vitanda viachwe na waliotangulia. Mtu alisoma miaka kumi na miwili, mwisho ikaamuliwa na godoro.

Mwaka wa 1998 Nairobi ikafungua masomo ya kujilipia, tukayaita parallel. Uliyekosa kwa pointi, ungeingia kwa pesa. Darasa lile lile, mhadhiri yule yule, karo mara kadhaa. Halafu sheria ya vyuo ya 2012 ikaleta KUCCPS mahali pa JAB, na vitanda vikatoka kwenye hesabu. Mwaka wa 2016 mtihani ukakazwa: waliopata A walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Waliofikisha C+ walipungua hadi kama 88,000, na kwa mara ya kwanza nafasi zilitosha wote, kwa sababu serikali iliwapeleka hadi vyuo vya kibinafsi. Parallel ikakauka. Siku hizi kuingia chuo si shida kubwa. Shida ni kuingia kozi unayoitaka, na tangu mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, kujua nyumbani watadaiwa ngapi.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, labda kwa urefu kuliko alivyotaka. Nikamwambia pia kitu ambacho wengi hawakijui: ile pointi ya mwisho ya kozi haiwekwi na mtu kabla. Ni alama za yule wa mwisho kuingia viti vilipoisha. Inakuambia foleni ya mwaka jana ilikuwa ndefu kiasi gani. Foleni ya mwaka huu bado haijapangwa.

"Sawa anko," akasema. "Lakini foleni hiyo haiwezi kuwa fupi hadi 38, ama?"

Sikumdanganya. Nilimwambia hapana, siioni.

Akanyamaza kidogo. Halafu tukaketi na orodha: uuguzi, afya ya umma, maabara, na miji ambako shangazi zake wanaishi, maana kodi ya nyumba pia ni hesabu. Zote tukazipanga kwa uangalifu. Alipofika kwenye chaguo la kwanza kabisa, aliandika udaktari. Nilifungua mdomo kumzuia, nikakumbuka ile karatasi ya Maseno, nikafunga.

Chaguo la pili hadi la nne ni hesabu yangu. La kwanza ni lake.