Usiku wa Kusubiri Hesabu: Kura na Redio Korogwe ya Zamani

Mtu aliyezaliwa Korogwe ya Zamani, mji ule mkongwe wa kando ya Mto Pangani ambao hata barua za serikali huuita Old Korogwe, hawezi kusimulia habari za uchaguzi bila ya kutaja vitu viwili: reli na redio. Reli ilitufikia kutoka Tanga mwaka 1902, zama za Wajerumani, na tangu hapo habari za mbali zikawa zinaingia mjini kwa vinywa vya abiria. Redio ilichelewa sana. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, lakini kwa miaka mingi chombo chenyewe kilikuwa mali ya wachache: mwalimu, karani wa shamba la mkonge, mwenye duka. Wengine walikwenda kusikiliza barazani kwao. Kwa hiyo tusemapo kwamba taifa lilisikiliza matokeo ya kura, yafaa mwanafunzi aelewe kwamba masikio yalikuwa mengi na redio chache, na kwamba aghalabu kati ya redio na sikio palikuwapo mtu wa tatu, naye ndiye aliyeeleza kilichosemwa.

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Tanga lilikuwa katika awamu ya kwanza. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili aandikishwe ilimpasa awe na elimu, mapato au cheo. TANU iliridhia kuingia katika uchaguzi huo wenye masharti mabaya baada ya mjadala mkali Tabora, Januari 1958. Hesabu zake zilikuwa ndogo mno. Katika Jimbo la Mashariki Mwalimu Nyerere alipata kura 2,628, na mpinzani wake, Patrick Kunambi, kura 802. Hesabu kama hizo mtu huzihifadhi moyoni kama ubeti.

Mwaka 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, lakini viti 58 havikuwa na mpinzani, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kukeshea. Novemba 1962, katika kura ya Rais wa kwanza, Nyerere alipata 1,127,978 na Zuberi Mtemvu 21,276. Hapo pia hakuna aliyekosa usingizi.

Usiku wa kusubiri hasa ulizaliwa Septemba 1965. Ni ajabu kidogo, maana chama kilikuwa kimoja. Lakini katika majimbo mengi wagombea walikuwa wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Radio Tanzania Dar es Salaam ilisoma majina na kura, jimbo kwa jimbo, na wananchi wakasikia jambo ambalo hawakuwahi kulisikia: kwamba Paul Bomani, Waziri wa Fedha, ameshindwa. Wazee wetu walilisimulia kwa miaka. Si kwamba walimchukia Bomani, ambaye aliutumikia ushirika wa pamba na taifa kwa heshima kubwa. Walichostaajabia ni kwamba karatasi zilizotumbukizwa sandukuni na wakulima zimemwangusha mkubwa, na redio ya serikali yenyewe imelitangaza hilo bila ya kuuma maneno.

Hata hivyo, msikilizaji wa siku hizo alikuwa na udhaifu mmoja. Katika zama za chama kimoja masanduku yalisafiri. Yalitolewa vijijini kwa malori, yamefungwa kwa lakiri, yakapelekwa makao makuu kuhesabiwa, na mwananchi aliyepiga kura hakuiona tena kura yake. Akangoja sauti.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Mjomba wangu alikuwa mzaliwa wa upande wa Handeni aliyehamia Korogwe kufanya kazi ya mkonge. Alikuwa na redio ya betri na daftari la shule alilolichora mistari kwa mkono, majimbo upande huu, kura upande ule. Katika uchaguzi wa Oktoba 27, 1985, ambao ulimweka Ali Hassan Mwinyi madarakani baada ya Mwalimu kung'atuka, mtu wa kwao alikuwa akigombea ubunge. Alama yake sitaitaja, wala jina, kwa kuwa watu wake wapo. Mimi nilikuwa darasa la saba. Jioni ya siku ya pili lori la mahindi likaingia kutoka Handeni, na dereva akatangaza, mguu mmoja ukiwa bado ngazini, kwamba mtu wetu ameshinda. Vigelegele vikapigwa. Mjomba, ambaye kwa kawaida hakutoa senti bila ya kuifikiri mara mbili, akachinja beberu.

Saa mbili usiku ngoma ya taarifa ya habari ikalia. Nyama ilikuwa bado jikoni. Msomaji akafika jimbo lile, akataja kura za mtu wetu, kisha akataja za mwenzake, nazo zilikuwa nyingi zaidi. Hakuna aliyezungumza. Mjomba akazisogeza karibu kandili na daftari, akaandika hesabu zote mbili kwa mwandiko wake uleule wa siku zote, ndipo akasema, "Leteni nyama, watu wale."

Baadaye tulielewa kwamba dereva hakudanganya. Wilaya ya Handeni ya wakati huo ilikuwa pana sana, ikiichukua na Kilindi yote, ambayo haikuwa wilaya hadi mwaka 2002. Yeye aliondoka kabla ya masanduku ya Mgera na Kwekivu kufika. Alichokibeba kilikuwa furaha ya watu wa mjini, si hesabu. Tangu hapo mjomba alipenda kutaja habari ya Chake Chake, Pemba, Januari 1961, ambako kiti kilipatikana kwa kura moja tu. "Mpwa wangu," aliniambia, "usishangilie kabla ya sanduku la mwisho."

Uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba 29, 1995 ulibadilisha mambo mawili kwa mkupuo. Kwanza, redio haikuwa moja tena. Radio One ilikuwa hewani tangu 1994, na msikilizaji aliweza kulinganisha. Pili, na kwa maoni yangu hili ni kubwa zaidi, kura zilihesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala wa vyama.

Nilikuwa karani katika kituo kimoja ambacho nitakiacha bila jina. Tulihesabu darasani, kwa mwanga wa karabai iliyokuwa ikipungukiwa na mafuta. Mara ya kwanza karatasi za Rais zilizidi kwa mbili idadi ya waliotiwa alama daftarini. Mara ya pili zikazidi kwa moja. Saa ilikuwa inakaribia nane za usiku, na nakiri kwamba nilimwambia mwenzangu tuandike tu ilingane, kwani karatasi moja itamdhuru nani? Wakala mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akisinzia tangu magharibi, akafumbua macho. "Baba, hesabuni tena," akasema. Tukahesabu tena, sanduku zima. Karatasi mbili zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, na majina mawili daftarini yalikuwa yamerukwa kutiwa alama. Zikalingana. Mawakala wakatia sahihi alfajiri.

Nje nikamkuta mjomba, amejifunga shuka, daftari kwapani. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akauliza hesabu za kituo, akaziandika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na hesabu kabla ya redio. Alipofika nyumbani alikaa kuyangoja majimbo mengine, akiyajaza moja baada ya moja kwa siku kadhaa. Lakini huko Dar es Salaam vifaa vilichelewa kufika vituoni, kura zikafutwa na kurudiwa Novemba 19, na Benjamin Mkapa akatangazwa mshindi kwa asilimia 61.8. Katika daftari lile, ambalo ninalo hadi leo, mistari saba ya majimbo ya Dar es Salaam imeandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine.