Silambloki zilizochoka: namna ya kuzibadilisha nyumbani bila kuhatarisha maisha

Silambloki ni kipande kidogo cha mpira na chuma kinachounganisha mkono wa gurudumu na mwili wa gari. Wenye kuleta piesi kutoka Kampala na Nairobi wanaiita bushi. Iko na ukubwa wa ngumi ya mtoto, haionekani mpaka mtu ainame chini ya gari, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya pine au amortisere. Lakini ikikatika, gurudumu la mbele linaacha kumtii shofere. Mahali kama miteremko ya Ngomo, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira, jambo hilo linaweza kugharimu roho za watu.

Mwenye gari la zamani anaweza kufanya kazi hii mwenyewe kwenye parsele yake, kama iko na vyombo vinavyofaa, nusu siku ya wakati na mtu wa kumsaidia. Kuna mambo mawili ambayo hayavumilii haraka: namna gari linavyoshikiliwa juu, na namna bulo zinavyokazwa mwishoni.

Namna inavyofanya kazi

Silambloki ya kawaida iko na sehemu tatu: bomba la chuma la nje, bomba la chuma la ndani, na mpira katikati uliogandishwa kiwandani kwenye yote mawili. Bomba la nje linaingizwa kwa nguvu ndani ya tundu la mkono. La ndani linabanwa na bulo, halizunguki hata kidogo. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira wenyewe njo unajinyonga kidogo na kurudi. Hakuna kitu kinachosuguana, kwa hiyo haihitaji grisi.

Kwenye Toyota Corolla za miaka ya 1990, ambazo bado ziko nyingi katika miji ya mashariki, kila upande wa mbele kuna mkono mmoja wa chini. Mkono huo uko na silambloki mbili upande wa mwili wa gari, na rotili moja upande wa gurudumu.

Gari nyingi zinafika hapa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi Japani au Ulaya, na mpira wake umezeeka hata mbele ya kuguswa na barabara zetu. Kisha mashimo, mawe na mizigo mizito vinamalizia. Adui mwingine ni mafuta. Mota ikivuja, mafuta yanadondoka juu ya mpira, unavimba na kulainika mpaka unaachana na chuma.

Dalili

Dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti: «tok» moja nzito gurudumu likiingia kwenye shimo, au wakati wa kufunga freni na kuondoka. Ya pili, gari linavuta upande mmoja freni ikikanyagwa, juu mkono unarudi nyuma kidogo upande huo. Ya tatu, shofere anarekebisha usukani kila mara hata kwenye njia iliyonyooka. Ya nne ni pine kuliwa upande mmoja, zaidi sana ule wa ndani.

Lakini dalili hizo zinaweza pia kutoka kwa rotili, amortisere au mipira ya bare stabilizatrisi. Mbele ya kununua piesi, ni lazima kupima. Mtu mmoja anakaa ndani ya gari, mota ikiwaka, anakanyaga freni na kuliacha gari lijaribu kwenda mbele kidogo, kisha nyuma. Mwingine anasimama kando, mbali na njia ya gari, na kutazama gurudumu. Likisogea mbele na nyuma ndani ya nafasi yake, silambloki imekwisha. Kisha, gari likiwa juu na limeshikiliwa vizuri, chuma kirefu kinaingizwa kati ya mkono na mwili wa gari na kusukumwa polepole. Mipasuko midogo ya juu juu si shida. Mpira uliopasuka mpaka ndani, au ulioachana na chuma, unadai kubadilishwa.

Vyombo

Kazi inadai kriki, shandeli mbili, funguo kubwa (mara nyingi namba 14, 17, 19 na 22), bomba la kurefusha ufunguo, nyundo, burashi ya chuma, mafuta ya kulegeza kutu, msumeno wa chuma na chombo cha kutolea rotili. Kwa kutoa na kuingiza silambloki inahitajika eto yenye nguvu, au bulo ndefu ya chuma kigumu yenye unene wa milimita 14, pamoja na ronde nene na vipande vya bomba.

Kwa asiyekuwa na eto, kuna njia nyepesi: kununua mkono mzima ukiwa na silambloki na rotili mpya ndani. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kazi inabaki ya kufungua na kufunga bulo tu. Mkono wa okazyo hauna faida kama silambloki zake nazo zimezeeka.

Gari juu: hapa njo watu wanafia

Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Kriki ya mafuta inaweza kuvuja na kushuka bila sauti. Ile ya gari inateleza kwa msukumo mdogo, na kazi hii iko na misukumo mingi. Gari linainuliwa mahali pa ngumu na tambarare, magurudumu ya nyuma yakiwekewa vizuizi, freni ya mkono ikivutwa. Kisha linashushwa juu ya shandeli mbili zilizowekwa chini ya sehemu ngumu za mwili wake, si chini ya mkono unaotolewa.

Matofali hayafai, juu yanapasuka mara moja bila kutoa ishara. Makoro, mawe ya volkano yanayojaa Goma, nayo si ya kuaminiwa: iko na vitundu vingi ndani na yanavunjika. Asiyekuwa na shandeli, vipande vinene vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kupishana ni afadhali. Magurudumu yaliyotolewa yanalazwa chini ya mwili wa gari, ili likianguka lisimfikie mtu. Mbele ya kuingia chini, gari linasukumwa kwa nguvu kutoka kando. Likitikisika, linapangwa upya.

Kuna gari ambazo hazipaswi kuguswa nyumbani. Pale ambapo resori imekaa moja kwa moja juu ya mkono wa chini, kama kwenye Mercedes 190, au mkono unashikwa na bare ya kujinyonga, kama kwenye Hilux fulani za zamani, kuna nguvu kubwa iliyofungiwa ndani. Mkono ukiachiwa vibaya unaruka na kuua. Corolla haina hatari hiyo kwa mkono wa chini, juu resori yake imefungwa pamoja na amortisere.

Kutoa ya zamani

Bulo zinapakwa mafuta ya kutu siku moja mbele. Ekru ya rotili inafunguliwa baada ya kutoa gupiye, na rotili inaachishwa kwa chombo chake. Kisha bulo mbili za silambloki zinatolewa na mkono unashuka. Kama bulo iko na alama za kurekebisha gurudumu, nafasi yake ya zamani inachorwa kwanza kwa rangi.

Mbele ya kusukuma silambloki nje, inafaa kupiga picha kwa simu na kupima kina chake ndani ya tundu. Silambloki nyingine iko na nafasi wazi ndani ya mpira, na nafasi hizo zinapaswa kutazama upande ule ule wa mwanzo. Ikigeuzwa, inapasuka mapema.

Kwa eto, bomba dogo linasukuma silambloki na bomba kubwa linaipokea upande wa pili. Ikikataa, mpira unatobolewa kwa shinyoli au mashine ya kutoboa, kisha bomba la nje linakatwa kwa msumeno kutoka ndani, polepole, bila kuumiza mkono wenyewe. Mafundi wengi wanauchoma mpira kwa moto. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu, na moto mkali unaweza kuharibu rotili na chuma cha mkono.

Kuingiza mpya

Tundu linasafishwa kwa burashi mpaka kutu yote itoke. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha. Mafuta ya mota na grisi ya kawaida vinaharibu mpira. Silambloki inasukumwa kwa bomba linaloegemea bomba lake la nje peke yake. Ikisukumwa kwenye bomba la ndani, mpira unachanika siku ile ile. Inaanza kuingia ikiwa imenyooka. Ikilala upande, inatolewa na kuanzishwa upya, haipigwi nyundo.

Kuna mafundi wanaochonga silambloki kutoka kwa pine za zamani. Mpira huo haushikamani na chuma, kwa hiyo unazunguka, unajisugua na kulegea. Kwa mkono wa mbele, unaobeba nguvu kubwa ya freni, hiyo si dawa ya kudumu.

Kukaza bulo: kosa linalorudia

Hapa njo kazi nyingi zinaharibika, hata kwenye garaji. Gari likiwa juu, mkono unaning'inia chini. Bulo ikikazwa kabisa wakati huo, bomba la ndani linabanwa mkono ukiwa chini. Gari likishushwa, mkono unapanda na mpira unabaki umejinyonga, hata gari likiwa limesimama. Kila shimo linaunyonga zaidi. Silambloki iliyopaswa kudumu miaka inachanika katika miezi michache, na mwenye gari analaumu muuza piesi.

Kwa hiyo bulo za silambloki zinaingizwa na kukazwa kwa mkono tu. Rotili inafungwa kabisa na kuwekewa gupiye mpya, na gurudumu linarudishwa. Gari linashushwa juu ya magurudumu yake na kutikiswa mara chache. Hapo njo bulo zinakazwa mpaka mwisho. Kama hakuna nafasi ya kufikia chini, magurudumu yote manne yanapandishwa juu ya mbao pana na imara.

Bulo nyingi za mkono wa chini zinadai nguvu ya Nm 100 au zaidi, na namba kamili iko katika kitabu cha gari. Pasipo kle ya dinamometriki, uzito wa kilo 20 ukikaa mwisho wa ufunguo wa sentimita 50, uliolala sawa na ardhi, unakaribia Nm 100. Ekru za kujifunga zinawekwa mpya.

Baada ya kazi

Silambloki zinabadilishwa pande zote mbili pamoja, juu upande mpya na upande uliochoka vinafanya gari kuvuta. Safari ya kwanza inakuwa fupi na ya polepole, na freni inajaribiwa mahali pasipo watu. Kisha gari linapelekwa kupimwa paralelizimu. Pasipo kipimo hicho, pine mpya zinaweza kuliwa katika muda mfupi. Baada ya kilometa 100 hivi, bulo zote zinakaguliwa tena.

Ikiwa tundu la mkono limepanuka, mkono umepinda, au mahali unapofungwa kwenye mwili wa gari pameliwa na kutu, silambloki mpya haitasaidia. Mkono unabadilishwa mzima. Na kama ni mwili wa gari wenye ugonjwa, kazi hiyo ni ya fundi wa kuchomea, na gari halirudi barabarani mbele haijaisha.