Bibi Arusi wa Frankenstein

Aghalabu sinema ya kutisha inayofuata nyingine huwa duni, kwani jambo lililokwisha kuonwa halishtui mara ya pili. Walakini Bride of Frankenstein, iliyotolewa Marekani mwaka 1935, haikuwa kivuli cha Frankenstein ya mwaka 1931. Mwongozaji alikuwa yule yule, James Whale, ambaye kwanza hakupenda kuirudia kazi hiyo. Na Boris Karloff aliigiza tena kiumbe aliyeundwa kwa viungo vya maiti.

Sababu ya kufaulu yaonekana katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Humo kiumbe ni msemaji hodari, naye humtaka muumba wake ampatie mwenzi. Sinema ya kwanza ilimfanya bubu na kuiacha haja yake. Basi ya pili ilikuta akiba nono haijaguswa. Katika kibanda cha mzee kipofu kiumbe hufundishwa kutaja mkate na rafiki. Karloff mwenyewe alipinga asiseme. Kweli, kitisho kilipungua, lakini mahali pake paliingia huruma, na bila ya huruma hiyo ukelele wa bibi arusi, Elsa Lanchester, amwonapo mchumba wake, ungekuwa kelele tu. (Kitabuni bibi arusi hakupewa uhai hata kidogo: Victor alimrarua kabla ya kummaliza.)

Mwaka 1939 ilikuja Son of Frankenstein, ya mwongozaji mwingine, yenye majumba ya fahari. Kiumbe alirudishiwa ububu wake, na Karloff hakumwigiza tena katika mfululizo huo.