Krismasi Iliyokabidhiwa Watoto: Desturi za Wamoravian kutoka Herrnhut hadi Rungwe

Mwezi Julai 2024 UNESCO iliingiza miji mitatu katika Orodha ya Urithi wa Dunia: Herrnhut wa Ujerumani, Bethlehem wa Pennsylvania nchini Marekani, na Gracehill wa Ireland ya Kaskazini. Miji hiyo iliunganishwa na Christiansfeld wa Denmark, ambao ulikwisha kuorodheshwa tangu mwaka 2015. Yote minne ilijengwa na Wamoravian katika karne ya 18, na kilichosifiwa ni mpangilio wa mitaa, nyumba za ibada zisizo na madoido, na makaburi ambayo mawe yake yamelazwa sawasawa, ya tajiri na ya maskini. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, mtu akitaka kuwafahamu watu hawa kwa undani, mimi ningemwelekeza jikoni na katika vyumba vya watoto mwezi wa Desemba. Msomaji wa Tanzania huko hatakuwa mgeni, kwa kuwa hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko yetu.

Chimbuko lao ni Bohemia, katika Ucheki ya leo. Jan Hus alichomwa moto mwaka 1415 kwa mafundisho yake, na mwaka 1457 baadhi ya wafuasi wake wakaanzisha umoja wao katika kijiji cha Kunvald. Katika karne ya 17 waliteswa na kutawanyika. Askofu wao Jan Amos Comenius, mmoja wa walimu wakubwa waliopata kuishi Ulaya, alifia uhamishoni mwaka 1670. Huyu ndiye aliyeandika kwamba shule ya kwanza ya mtoto ni mapaja ya mama yake, na mwaka 1658 akatoa kitabu cha picha cha kufundishia watoto, wakati ambapo wengi waliona fimbo na kukariri vinatosha. Comenius alishikilia kwamba mtoto hujifunza kwa kuona, kugusa na kuonja. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipopewa hifadhi katika shamba la kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf huko Saxony, na kuanza kujenga Herrnhut, walikuwa wamebeba urithi huo.

Matunda yake yalionekana vizuri zaidi Desemba 1747. Zinzendorf alikuwa amefukuzwa Saxony mwaka 1736, na sehemu ya kanisa ilikuwa imemfuata hadi eneo la Hesse, kwenye kasri la Marienborn. Mkwe wake, Johannes de Watteville, aliongoza ibada ya watoto. Kwanza zikasomwa beti ambazo watoto wenyewe walikuwa wametunga. Kisha akawaeleza kwamba kuzaliwa kwa Yesu kumewasha moto mioyoni mwa waaminio, na mara akampa kila mtoto mshumaa mdogo unaowaka, umefungwa utepe mwekundu kukumbusha damu ya Kristo. Watoto wakarudi vyumbani mwao na mishumaa ikiwaka.

Tukio lenyewe lilikuwa fupi, ila ndani yake mlikuwa na ualimu mkubwa. De Watteville angeweza kuwasha mshumaa mmoja mkubwa madhabahuni, watoto wakautazama. Badala yake aliwapa moto washike wenyewe. Mtoto wa miaka mitano aliyeshika mshumaa unaowaka hatembei ovyo. Anajua kwamba amepewa dhamana. Desturi hiyo ikasafiri haraka: mwaka 1762 watoto wa kijiji cha Bethabara, North Carolina, walipewa mishumaa yao. Baadaye mishumaa hiyo ikatengenezwa kwa nta ya nyuki na kuvishwa karatasi nyekundu iliyokatwa vipande vyembamba. Karatasi inabeba maana ile ile ya utepe, na papo hapo inazuia nta ya moto isimdondokee mtoto vidoleni. Huko Uingereza mshumaa ukaja kuchomekwa kwenye chungwa, na tangu mwaka 1968 shirika moja la Kianglikana la kusaidia watoto likaueneza katika makanisa mengi.

Bethlehem wa Pennsylvania ulipewa jina mkesha wa Krismasi mwaka 1741. Zinzendorf alikuwa mgeni katika nyumba ya magogo ambamo watu walikuwa upande mmoja na mifugo upande wa pili, na wimbo uliotaja Bethlehemu ukaibua jina hilo. Miaka ya mwanzo ya mji huo ina jambo la kushangaza kwa anayedhani kwamba Krismasi daima imekuwa sikukuu ya baba, mama na watoto wao mezani. Hadi mwaka 1762 wakazi waliishi kwa mfuko mmoja. Walifanya kazi pamoja na kula pamoja, na watoto wadogo walilelewa katika nyumba za pamoja ili wazazi wapate nafasi ya kazi na umisionari. Krismasi ya mwaka 1747 watoto hao waliandaliwa piramidi za matawi mabichi zenye mishumaa, na kubwa kuliko zote ilipambwa kwa matofaa na beti za kumsifu Kristo. Kila familia ilipokuja kupata nyumba yake, desturi ya jumuiya ikahamia sebuleni. Ninaona hapa somo la kihistoria lisilotajwa vya kutosha: mila nyingi tunazoziita za kifamilia zilianza zikiwa za usharika.

Iliyohamia kwa nguvu zaidi ni ile inayoitwa Putz. Hii ni mandhari ya kuzaliwa kwa Yesu inayotengenezwa nyumbani kwa kuvu-mwani wa msituni, visiki, mawe na mchanga. Hori huwa katikati, lakini kuna vilima, njia, wachungaji walio mbali, na mamajusi ambao bado hawajafika. Watoto wanakwenda msituni kuokota vifaa, wanasaidia kupanga, kisha majirani wanapita nyumba kwa nyumba kutazama na kusikia habari ikisimuliwa upya huku taa zikimulika sehemu moja baada ya nyingine. Fransisko wa Asizi alikuwa ametangulia kuonyesha hori hai kule Greccio mwaka 1223. Wamoravian waliliweka hori katika mikono midogo, na mtoto aliyepanga wachungaji mwenyewe anajua walitokea wapi.

Jikoni nako kuna mafundisho. Christiansfeld inajulikana kwa keki za asali zilizoanza kuokwa huko karne ile ile ya 18. Salem ya North Carolina, iliyoanzishwa mwaka 1766, ina biskuti nyembamba mithili ya karatasi. Donge lake huchanganywa na molasi, tangawizi, karafuu na mdalasini, likaachwa mahali pa baridi lipate kukolea, ndipo lisukumwe hadi likaribie kupitisha mwanga na kukatwa kwa vibati vyenye umbo la nyota au mnyama. Donge gumu namna hiyo linahitaji mikono ya mtu mzima. Kukata maumbo ni kazi ya watoto. Kuna pia keki ya sukari, ambayo unga wake hutiwa viazi mbatata vilivyopondwa. Ikishaumuka, watoto wanaitoboa kwa vidole ili siagi na sukari vizame ndani. Na katika karamu ya upendo, iliyofanyika kwanza Herrnhut mwaka 1727, waumini wote hugawiwa mkate mdogo mtamu na kahawa ya maziwa wakiwa wameketi kanisani, wanakula huku wakiimba. Mkesha wa Krismasi huko Salem mtoto mmoja huanzisha wimbo wa Nyota ya Asubuhi, uliotiwa sauti na Francis Florentine Hagen mwaka 1836, na kanisa zima linamjibu.

Utamu huo una historia chungu, na hatuna ruhusa ya kuipita. Sukari na molasi ya karne ya 18 ilitoka hasa katika mashamba ya Karibi yaliyolimwa na watumwa, wakiwemo wale waliohubiriwa na Wamoravian huko St. Thomas tangu mwaka 1732. Karafuu iliyojaza masoko ya dunia katika karne ya 19 ilichumwa Unguja na Pemba na watu waliotekwa bara, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa. Kanisa lenyewe huko Salem lilimiliki watumwa. Mwaka 2006 jimbo la kusini la Wamoravian wa Marekani liliomba radhi hadharani kwa kushiriki utumwa. Mtoto anayefundishwa kukata biskuti anastahili kuambiwa na hilo, umri wake ukiruhusu.

Nyota maarufu ya Herrnhut ilizaliwa shuleni. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika shule ya wavulana ya Niesky, wanafunzi walitengeneza nyota za karatasi katika somo la maumbo, kwa kupima, kukunja na kugundisha pembe moja moja. Mwaka 1897 Pieter Verbeek akaanza kuzitengeneza na kuziuza. Katika shule za Wamoravian walisoma watoto wengi wa wamisionari, waliotengana na wazazi wao walioko mabara mengine, wengine wasionane kwa miaka. Kuunda nyota Jumapili ya kwanza ya Majilio kulikuwa njia yao ya kuisubiri Krismasi bila baba wala mama. Kila ninapoona picha ya nyota hiyo nawafikiria wao kwanza.

Mmoja wa mikondo ya umisionari huo ulifika kwetu mwaka 1891, pale Theodor Meyer na wenzake watatu walipopitia Ziwa Nyasa na kuweka kituo Rungwe. Mwishoni mwa muongo huo Wamoravian walipokea pia kazi ya Urambo, Unyamwezini. Mwaka 1916 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika kusini, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na sharika zikaendelea mikononi mwa wazee na walimu wenyeji. Kwa maoni yangu hapo ndipo Krismasi ilipokuwa ya wenyeji hasa, kwa kuwa waliobaki kuifundisha hawakuwa wameiona theluji wala kuhitaji kuieleza.

Rungwe mwezi Desemba ni mvua, migomba iliyositawi na matope barabarani. Watoto wa shule ya Jumapili wanaanza mazoezi wiki kadhaa kabla: malaika kwa shuka nyeupe, wachungaji kwa blanketi na fimbo, Herode kwa sauti nzito, na mistari ya Luka 2 inayosemwa kwa moyo. Nyumba nyingi hazina oveni, kwa hiyo keki inaokwa katika sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko, na mtoto ndiye anayewekwa kulinda yale makaa yasizidi. Asubuhi kuna maandazi na vitumbua, mchana ndizi, nyama na pilau. Chakula kikiwa tayari, watoto wanatumwa na sahani kwa majirani, Waislamu na Wakristo, na siku ya Idi sahani zinakuja kutoka upande wa pili, nazo zimebebwa na watoto.