Permian dhidi ya Carter: Nusu fainali ya shule iliyoishia mahakamani

NUSU fainali ya mwaka 1988 kati ya Shule ya Sekondari ya Permian ya mji wa Odessa na ile ya David W. Carter ya jiji la Dallas ni miongoni mwa michezo ya shule inayojulikana zaidi katika jimbo la Texas, Marekani.

Timu hizo zilikutana mwezi Desemba mwaka huo mjini Austin, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Texas, kila moja ikisaka tiketi ya kucheza fainali ya futiboli ya Kimarekani ya jimbo hilo.

Hazikufanana kwa umbo, kwa mtindo wa uchezaji, wala kwa mazingira zilikotoka. Permian ilitegemea nidhamu na mazoea ya kushinda. Carter ilisheheni vipaji, lakini ilifika Austin kwa nguvu ya amri ya mahakama.

Ndiyo maana waliosubiri pambano hilo walikuwa na maswali mawili. La kwanza ni nani angeshinda. La pili ni iwapo mshindi, kama angekuwa Carter, angeruhusiwa kubaki na ushindi wake.

Mashindano na kanuni zake

Futiboli ya Kimarekani si soka. Kila upande una wachezaji 11 wanaovaa kofia ngumu na kinga za mabega, na mpira hubebwa mkononi au kurushwa. Timu inayoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huzaa pointi sita.

Michezo ya shule za umma za Texas husimamiwa na chama kiitwacho University Interscholastic League, maarufu kwa kifupi UIL. Mwaka 1988 daraja la juu kabisa, lenye shule kubwa, lilikuwa 5A.

Timu hucheza kwanza ndani ya wilaya zao za kimichezo. Zinazoongoza huingia hatua ya mtoano, ambako anayepoteza mchezo mmoja hufunga virago na kurejea nyumbani.

Permian: Nidhamu ya mji wa mafuta

Odessa ni mji wa magharibi mwa Texas, katika nchi tambarare na kame yenye utajiri wa mafuta ya petroli. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986, wengi walipoteza kazi, na timu ya Permian ikabaki kuwa moja ya fahari chache za wakazi.

Timu hiyo ilikuwa na sababu ya kutembea kifua mbele. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1965, 1972 na 1980, kisha ikagawana taji na French ya Beaumont mwaka 1984. Uwanja wa Ratliff uliokuwa ukitumika mjini humo ulifunguliwa mwaka 1982 kwa gharama ya dola milioni 5.6 na ulikuwa na nafasi ya watazamaji wapatao 19,000.

Mwandishi H.G. Bissinger, aliyeishi Odessa msimu huo na kuandika kitabu kiitwacho "Friday Night Lights" kilichotoka mwaka 1990, anaeleza kwamba takriban dola 70,000 zilitumika kukodi ndege za kuisafirisha timu. Kwa mujibu wa kitabu hicho, vifaa vya kufundishia vya idara ya Kiingereza shuleni hapo viligharimu dola 5,040.

Hata hivyo, msimu haukuwa mwepesi. Mkimbiaji wao tegemeo aliumia goti katika mechi ya kujipima nguvu kabla ya ligi kuanza. Baadaye vijana wa kocha Gary Gaines walifungwa kwa tofauti ya pointi moja na mahasimu wao, Midland Lee.

Kipigo hicho kilizifanya timu tatu, Permian, Midland Lee na Midland, zilingane kileleni wakati nafasi zilikuwa mbili tu. Makocha wa timu hizo walikutana usiku wa manane katika kituo cha malori na kurusha sarafu, tukio lililooneshwa moja kwa moja katika televisheni. Midland ndiyo iliyotupwa nje.

Carter: Vipaji vya Dallas

Carter ilitoka Oak Cliff, kusini mwa Dallas, katika mitaa ya familia za Wamarekani weusi, nyingi zikiwa za kipato cha kati. Kocha wake alikuwa Freddie James.

Kikosi chake kilikuwa na wachezaji wengi wenye miili mikubwa na mbio, waliokuwa wakiwindwa na vyuo vikuu vilivyotaka kuwapa ufadhili wa masomo. Mmoja wa walinzi wake, Jessie Armstead, baadaye alikuwa nyota wa New York Giants katika ligi ya kulipwa.

Permian ilikuwa na wachezaji wengi Wazungu, wenye maumbo madogo zaidi, waliosifika kwa kutofanya makosa. Shule za Odessa zilikuwa zimemaliza rasmi utengano wa rangi mwaka 1982 tu, kufuatia uamuzi wa mahakama. Katika mazingira hayo, hata suala la rangi ya waamuzi lilizungumzwa kabla ya timu kuingia uwanjani.

Alama 70

Mwaka 1984 Texas ilipitisha sheria iliyokuja kujulikana kama "asiyefaulu hachezi". Ilitokana na mapendekezo ya kamati iliyoongozwa na tajiri Ross Perot. Mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 katika somo lolote alizuiwa kushiriki michezo kwa wiki sita.

Sheria hiyo ilipingwa vikali na makocha pamoja na wazazi. Gavana Mark White, aliyeisimamia, alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1986, na wapo waliosema futiboli ilichangia kumwangusha.

Mwaka 1988 kisu hicho kiliigusa Carter. Ilidaiwa kuwa mmoja wa wachezaji wake muhimu hakustahili alama ya kufaulu aliyopewa katika somo la aljebra, na kwa hiyo hakupaswa kucheza. Kama madai hayo yangethibitika, timu nzima ingeondolewa katika mtoano.

Shauri lilipanda kutoka kamati za michezo hadi kwa kamishna wa elimu wa jimbo, aliyeamua kuwa mwanafunzi huyo alikuwa amefeli. Carter ilikimbilia mahakamani na kupata zuio. Ikawa kila wiki mawakili wanabishana, na kila wiki timu inashinda.

Wapinzani waliona sheria inachezewa. Wazazi na mashabiki wengi wa Oak Cliff waliona shule ya watoto weusi inaandamwa kwa sababu inashinda mno. Alama moja ya hesabu ikawa imebeba ugomvi mkubwa kuliko futiboli yenyewe.

Mizani kabla ya mchezo

Kimchezo, faida ya Carter ilikuwa nguvu na mbio, hasa katika ngome. Permian ilikuwa na uzoefu wa michezo mikubwa, maandalizi ya kina na utulivu wa kumsubiri mpinzani akosee. Ili Permian ishinde, ilipaswa kuumiliki mpira kwa muda mrefu na kutotoa zawadi. Carter ilihitaji nafasi chache tu za kuutumia wepesi wake.

Nje ya uwanja mzigo ulikuwa mzito pande zote. Vijana wa Permian walibeba matumaini ya mji ulioyumba kiuchumi. Wenzao wa Carter walijua kuwa ushindi wowote ungeweza kufutwa kwa kalamu.

Matokeo

Mvua ilinyesha, uwanja ukateleza, na alama hazikupatikana kwa urahisi. Carter ilishinda kwa pointi 14 dhidi ya 9, baada ya shambulio la mwisho la Permian kushindwa kufika mstari wa mwisho.

Katika fainali, Carter iliilaza Converse Judson 31-14 na kutawazwa bingwa wa jimbo.

Wengi nje ya Marekani waliufahamu mchezo wa Permian na Carter kupitia filamu iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na jina la kitabu cha Bissinger. Filamu hiyo iliugeuza kuwa fainali na kuuhamishia uwanja wa Astrodome mjini Houston. Ukweli ni kwamba ilikuwa nusu fainali, na ilichezwa Austin.

Baada ya vumbi kutua

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Safari hii, hata hivyo, kipenga cha mwisho hakikumaliza ubishi.

Mwaka 1989 wachezaji kadhaa wa Carter walihukumiwa vifungo kwa makosa ya unyang'anyi wa kutumia silaha, na nafasi zao za kusoma kwa ufadhili zikapotea. Januari 1991, baada ya rufaa kukwama, shule hiyo ilivuliwa ubingwa wa mwaka 1988 kutokana na shauri la alama ya aljebra.

Permian, iliyosifiwa kwa nidhamu, nayo haikusalimika. Ilitwaa ubingwa mwaka 1989 bila kupoteza mchezo, lakini mwaka uliofuata UIL iliizuia kushiriki mtoano kwa kuendesha mazoezi nje ya muda unaoruhusiwa. Ilirejea na kuchukua taji tena mwaka 1991. Gaines, kocha wa msimu ule wa 1988, alifariki dunia mwaka 2022.

Hivyo timu zile mbili, zilizoelezwa kuwa tofauti kama mchana na usiku, zilikutana mahali pamoja: zote ziliadhibiwa kwa mambo yaliyotendeka nje ya mchezo, katika mashindano ambayo kushinda kulithaminiwa kupita kiasi.

Taji la mwaka 1988 lilikabidhiwa Converse Judson, timu iliyopoteza mchezo wake wa mwisho kwa tofauti ya pointi 17.