Mifupa Ilisema Kabla ya Madaktari

Historia ya utabibu imejaa watu waliohangaika kutafuta kitu kisichoonekana kwa macho: kijidudu, kirusi, chembe ya damu. Historia ya watoto waliopigwa na kudhalilishwa majumbani imekwenda kinyume. Jeraha lilikuwa pale pale kitandani, mbele ya daktari, mchana kweupe. Aliyekosekana ni mtu wa kukubali kuliona.

Tuanzie Paris. Mwaka 1860 Ambroise Tardieu, bingwa wa uchunguzi wa kitabibu kwa ajili ya mahakama, alichapisha makala kuhusu watoto 32 walioteswa, wengi wao na wazazi wao wenyewe. Watoto 18 kati ya hao walikufa. Aliorodhesha michubuko, alama za moto, mifupa iliyovunjika, damu iliyovia juu ya ubongo. Akaeleza hata nyuso zao: huzuni, woga, macho yasiyo na nuru. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameshatoa kitabu kuhusu makosa ya kingono, na humo watoto walikuwa wengi.

Tardieu hakuwa mtu wa pembeni. Alifika hadi kuwa mkuu wa Kitivo cha Tiba cha Paris. Lakini makala yake haikuzaa kitu. Na alipofariki mwaka 1879, mambo yakageuka kabisa. Wakubwa wengine wa tiba pale pale Paris, akina Alfred Fournier na Paul Brouardel, wakawa wanawaonya madaktari wajihadhari na watoto waongo na kina mama wanaotunga kesi ili wapate pesa. Yaani swali likahama. Badala ya "nani amemfanyia hivi mtoto huyu?" likawa "mtoto huyu anatudanganya nini?"

Ikapita miaka mingi. Mwaka 1895 eksirei ikagunduliwa, na daktari akaweza kutazama mfupa bila kupasua ngozi. Ungedhani siri ingefichuka siku ya pili yake. Wapi! Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1946, pale John Caffey wa New York, bingwa wa kusoma picha za eksirei za watoto, alipoandika kuhusu wachanga sita waliovia damu kichwani na ambao, kwa jumla, walikuwa na mivunjiko 23 ya mifupa mirefu ya mikono na miguu. Mingine ilikuwa mipya, mingine imeanza kuunga. Mtoto hajaanza hata kutembea, kavunjika mara tatu kwa nyakati tofauti. Caffey aliona kwamba ugonjwa wa mifupa hauelezi jambo hili na kwamba lazima kuna kipigo au ajali isiyosemwa. Ila kunyoosha kidole waziwazi kwa wazazi, hakufanya hivyo. Kalamu yake ilikuwa na tahadhari.

Aliyeivunja tahadhari hiyo ni C. Henry Kempe, daktari wa watoto huko Denver, ambaye mwenyewe alizaliwa Ujerumani na kukimbia utawala wa Hitler akiwa kijana. Mwezi Julai 1962, yeye na wenzake walichapisha makala katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Hospitali 71 zilikuwa zimewapa taarifa za watoto 302 katika mwaka mmoja: 33 walikufa, 85 walibaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Kempe aliupa ugonjwa huo jina la makusudi, jina kali la "mtoto aliyepondwa", ili asitokee msomaji wa kulipita. Pia alisema bila kuzungukazunguka kwamba madaktari wenyewe ni sehemu ya tatizo, kwa sababu hawataki kuamini kuwa mzazi anaweza. Kufikia mwaka 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kutoa taarifa.

Hapo wengi huifunga hadithi kwa furaha. Mimi naona bado. Daktari aliyekuwa kipofu anaweza pia kuanza kuona kupita kiasi. Mwaka 1987, huko Cleveland, kaskazini mwa Uingereza, watoto 121 waliandikwa na madaktari kuwa wamedhalilishwa kingono ndani ya miezi michache. Wengi walichukuliwa kutoka kwa wazazi, kisha wengi wakarudishwa nyumbani. Katika kesi nyingi uzito ulikuwa umewekwa kwenye dalili moja ya mwilini. Tume iliyoongozwa na jaji Elizabeth Butler-Sloss ilieleza mwaka 1988 kwamba dalili ile peke yake haitoshi kuwa ushahidi, na kwamba watoto walipimwa na kuhojiwa mara nyingi mno. Ikakumbusha jambo ambalo pande zote zilikuwa zimelisahau: mtoto ni mtu, si kitu cha kuchunguzwa.

Tafiti zilizofuata zikaongeza funzo la upande wa pili. Watoto wengi waliodhalilishwa kingono, hata wale ambao kesi zao zimethibitika mahakamani, mwili wao hauonyeshi alama yoyote. Mwili wa mtoto hupona haraka, na mara nyingi kilichofanyika hakiachi kovu. Kwa hiyo daktari akisema "sijaona kitu," hajasema "hakuna kilichotokea."

Funzo hilo linatuhusu sana huku kwetu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Ukiuliza mtaani, utaambiwa ushahidi ni ile fomu ya polisi, PF3 kwa Watanzania, P3 kwa Wakenya. Daktari asipoandika alama, familia hudhani kesi imekufa, na wazee huanza kikao cha kuyamaliza nyumbani. Wakati huo saa zinakwenda, na dawa ya kukinga maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Fomu inaweza kungoja, lakini dawa haingoji.

Na sheria yenyewe haidai kovu. Tangu mabadiliko ya mwaka 1998, mahakama ya Tanzania inaweza kumtia mtu hatiani katika kesi za aina hii kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika nyumba nyingi kata hiyo ni mtoto. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya daktari ni kumtibu, kumsikiliza kwa utulivu mara moja bila kumlisha maneno, na kuandika alichosikia kama alivyokisikia. Tardieu alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kalamu na macho tu, miaka 35 kabla ya eksirei.