Sehemu ya Kumi na Tafsiri Yake: Kutoka Damasko hadi Kompyuta

1. Utangulizi

Mtu akiandika 1,250 katika karatasi na kuituma Nairobi, msomaji wa huko atasoma elfu moja mia mbili na hamsini. Karatasi ile ile ikifika Lubumbashi, mwanafunzi aliyefundishwa hesabu kwa Kifaransa atasoma moja na robo. Wote wawili ni wasemaji wa Kiswahili, na tarakimu ni zile zile. Lakini thamani imepungua mara elfu moja. Sababu ni kwamba Afrika ya Mashariki ilirithi desturi ya Kiingereza, ambamo mkato hutenga maelfu na nukta hutenga sehemu, nasi tukarithi desturi ya Kifaransa, ambamo mkato ndio hutenga sehemu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuhamisha namba ya desimali kutoka andiko moja hadi jingine ni kazi ya tafsiri, na kwamba kompyuta haikuiondoa kazi hiyo, bali iliizidisha. Humu tutaandika mkato wa desimali, kama ilivyo desturi ya shule zetu.

2. Sehemu ya kumi kabla ya kompyuta

Majina ya sehemu katika Kiswahili yametoka kwa Kiarabu: nusu, robo, thumni. Kila moja hupatikana kwa kugawa iliyotangulia kwa mbili, kama afanyavyo muuzaji anayekata kitu katikati, kisha katikati tena. Sehemu ya kumi nayo imo katika lugha yetu, ila imejificha ndani ya neno ushuru, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya moja ya kumi.

Njia hizo mbili, ya kugawa kwa mbili na ya kuhesabu kwa kumi, zilikutana mapema. Mnamo mwaka 952, mjini Damasko, Abu al-Hasan al-Uqlidisi aliandika kitabu juu ya hesabu za Kihindi. Humo aliigawa 19 kwa mbili mara tano mfululizo, akapata namba ambayo leo tungeiandika 0,59375; na ili msomaji ajue sehemu zinaanzia wapi, aliweka alama ndogo juu ya tarakimu ya mamoja. Mwaka 1427, mjini Samarkand, al-Kashi alieleza desimali kwa upana zaidi. Huko Ulaya, Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichapisha kitabu chake kidogo mwaka 1585 kwa Kiholanzi na kwa Kifaransa. Jina la Kifaransa, La Disme, maana yake ni fungu la kumi. Stevin aliwaandikia wapima ardhi, wapima divai na wafanya biashara, yaani watu ambao kosa la hesabu lingewatoa fedha mfukoni.

3. Mashine inayohesabu kwa mbili

Kompyuta za kwanza hazikuwa na njia moja. ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilihesabu kwa kumi. Z3 ya Mjerumani Konrad Zuse, ya mwaka 1941, ilihesabu kwa mbili, na njia hiyo ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ni rahisi kutengeneza chombo chenye hali mbili tu.

Hapo ndipo mfano wa al-Uqlidisi unapotufaa. Kila sehemu inayopatikana kwa kugawa kwa mbili huandikika kikamilifu kwa desimali, kwa sababu kumi ni mbili mara tano. Lakini njia ya kurudi imefungwa: tano haimo ndani ya mbili. Nusu, robo na thumni huingia katika mashine bila kasoro. Moja ya kumi, ikiandikwa kwa tarakimu mbili tu, huwa 0,000110011..., kundi 0011 likijirudia bila mwisho. Mashine yenye nafasi chache hulazimika kukata. Ndiyo maana katika mfumo wa biti 64 uliowekwa na kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, programu ikijumlisha 0,1 na 0,2 huweza kujibu 0,30000000000000004.

Hata kuisoma desimali na kuiandika tena kulihitaji utafiti. Mwaka 1990 Guy Steele na Jon White walichapisha njia ya kuandika namba ya mashine kwa desimali fupi kabisa inayotosha kuirudisha kama ilivyokuwa. Mwaka huo huo William Clinger akaeleza jinsi ya kuisoma desimali kwa usahihi. Kwa biti 64, tarakimu 17 hutosha daima.

4. Gharama ya tafsiri mbaya

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud lilipiga kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulizuia ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ukaigeuza hesabu hiyo kuwa sekunde kwa kuizidisha kwa moja ya kumi iliyokatwa katika biti 24. Kosa la kila mara lilikuwa dogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umewaka kwa muda wa saa 100 hivi, na kosa lilikuwa limefikia karibu sekunde 0,34. Katika muda huo Scud husafiri zaidi ya nusu kilometa. Mtambo ukatazama mahali ambapo kombora halikuwapo. Programu iliyosahihishwa ilifika siku iliyofuata.

Katika fedha kosa haliui, lakini hudhulumu. Mwaka 1998, faranga ya Kongo ilipochukua nafasi ya zaire mpya kwa kiwango cha 100 000 kwa moja, bei ya 250 000 iligeuka 2,50, namba ambayo mashine huihifadhi kikamilifu. Bei ya 230 000 iligeuka 2,30, nayo mashine ya tarakimu mbili haiwezi kuihifadhi ila kwa kukadiria.

5. Programu zinapozungumza

Leo programu moja huomba huduma kwa nyingine iliyo nchi ya mbali, na namba husafiri kati yao kama maandishi. Kanuni tatu hufuatwa na watengenezaji waangalifu. Kwanza, kati ya mashine na mashine hutumika alama moja tu, nukta, bila kutenga maelfu. Mkato huwekwa mwishoni, mbele ya macho ya msomaji anayeuzoea. Pili, fedha hutumwa kama namba nzima ya senti, au kama desimali ya maandishi isiyogeuzwa kuwa ya mbili. Toleo la IEEE 754 la mwaka 2008 liliongeza hata mifumo inayohesabu kwa kumi. Tatu, mahali pa kukadiria hutajwa wazi.

Kwa upande wa binadamu, Mkutano Mkuu wa Vipimo wa mwaka 2003 ulikubali nukta na mkato vyote viwili kuwa alama ya desimali, na kuagiza kwamba makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu.

6. Hitimisho

Sisi wa idara za lugha tumezoea kuwaachia wengine namba, kana kwamba namba haina lugha. Historia hii inaonyesha kinyume. Namba ina herufi zake, ina sarufi yake, na ina mipaka ambayo haivuki bila mfasiri. Watafsiri wetu wanaohamisha vitabu vya hesabu au takwimu za afya kutoka Dar es Salaam kuja Kongo wanapaswa kuuhakiki mkato kwa uangalifu ule ule wanaouhakiki msamiati. Neno lililokosewa msomaji huweza kulishuku. Namba iliyokosewa hupita bila kuulizwa.